Amana katika Karakana

Msomaji, mtu akikupa chombo chake ukitengeneze, hukupa vitu viwili kwa mara moja. Cha kwanza ni chombo chenyewe, ambacho waweza kukishika, kukipima na kukiweka rafuni. Cha pili ni imani yake. Imani haishikiki wala haina uzani, lakini ikivunjika haina duka la vipuri. Nataka leo tufikiri pamoja juu ya imani hiyo. Na ili fikira zetu zisielee hewani, nitaziweka katika karakana moja ndogo, mbele ya chombo kimoja ambacho yamkini hujapata kukiona, yaani mashine ya kukuzia picha.

Swali letu ni hili. Je, ni halali kwa fundi kuondoa kipande katika chombo cha mtu mmoja, ambacho kimelala bila kazi, ili akiponye chombo cha mtu mwingine, ambacho kinahitajiwa leo? Usijibu upesi. Wengi hujibu hapana kwa ulimi na kujibu ndiyo kwa mikono.

Kwanza na tuijue mashine. Kabla picha hazijaanza kukaa katika simu, zilikaa katika filamu. Filamu ikisha kusafishwa kwa dawa huonyesha sura iliyogeuzwa: palipokuwa peupe huwa peusi, na palipokuwa peusi huwa peupe. Sura hiyo huitwa negativu. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, iliwazoeza watu kutumia filamu ya upana wa milimita 35, na kila negativu yake ina milimita 24 kwa 36 tu, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Watu ishirini wakisimama mbele ya kamera hiyo, uso wa kila mmoja wao huwa mdogo kuliko punje ya mtama. Ndiyo sababu ikahitajiwa mashine ya kuzikuza sura hizo mpaka jicho litosheke.

Mashine hiyo ina ubao chini, nguzo iliyosimama juu ya ubao, na kichwa kinachopanda na kushuka katika nguzo. Ndani ya kichwa mna globu. Chini ya globu mna vioo viwili vinene, vilivyotuna upande mmoja, ambavyo kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuumwaga sawasawa juu ya negativu. Mafundi huviita kondensa. Chini ya negativu mna mfuko wa mikunjo unaorefuka na kufupika, na mwisho wake mna lenzi. Mwanga hupita katika vyote hivyo ukaangukia karatasi iliyopakwa chumvi za fedha. Kisha karatasi hutiwa katika sinia ya dawa, chini ya taa nyekundu, ndani ya chumba cha giza. Na punde, juu ya karatasi iliyokuwa tupu, uso wa mtu huanza kujitokeza kama mtu anayekuja katika umande wa alfajiri.

Katika nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika, kazi hiyo ilikuwa na soko zamani. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba ya kahawa, katani na mananasi, na baadaye viwanda, yakawavuta watu kutoka mbali. Na mtu aliyepokea mshahara ugenini alipenda kupeleka picha yake kwao, amevaa suruali iliyopigwa pasi, nyuma yake pazia lililochorwa ua au ndege ya angani. Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ambako studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, na Bakor Studio ya Lamu, zilihifadhi nyuso za vizazi vizima. Baadaye zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, kisha kamera zisizotumia filamu, kisha simu. Mwezi wa Januari 2012 kampuni ya Kodak ya Marekani, ambayo jina lake lilikuwa karibu sawa na neno picha, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Vyumba vya giza vikageuzwa kuwa stoo, na mashine zikaenda darini, au kwa wauza vyuma vikuukuu.

Utaniuliza: kwa nini basi kujisumbua? Negativu inaweza kusomwa na kompyuta, nayo ikatoa picha bila dawa wala giza. Hilo ni kweli, na tena ni neema. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala lilionyesha picha zilizotoka katika hazina ya negativu zipatazo 70,000, ambazo zilikuwa zimesahauliwa katika shirika la utangazaji la nchi hiyo. Na ni kompyuta iliyozifanya zionekane. Sisemi kwamba njia ya kale ndiyo njia ya pekee. Nasema tu kwamba wangaliko watu waipendao, na wachache ambao wanapata riziki kwayo. Filamu na karatasi za picha nyeusi na nyeupe zingali zikitengenezwa Uingereza na Ucheki. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na mtu aliye na mbacha wake, akiutandika na kuukalia, hamdhulumu mwenye msala.

Lakini mbacha huo hutoboka, na hapo ndipo shida yetu inapoanza. Mashine ya kukuzia picha ikiharibika, vipuri vyake, au spea kama wasemavyo mitaani, ni vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vile ambavyo vyaweza kuundwa hapa hapa. Mfuko wa mikunjo ukitoboka, mshona mikoba hodari aweza kuushona upya kwa ngozi laini au kitambaa kisichopitisha mwanga. Gurudumu la meno lililolika laweza kukerezwa upya na fundi wa chuma, akipewa lile la zamani apime. Namna ya pili ni vile ambavyo viwanda vilipatana kuvifanya sawa. Lenzi nyingi za mashine hizi, ziwe za Ujerumani, Uingereza au Japani, zina mikato ya skrubu yenye upana wa milimita 39. Kwa hiyo lenzi ya mashine hii huweza kuingia katika mashine ile, kama nati moja iingiavyo katika baiskeli mbili.

Namna ya tatu ni vile ambavyo haviundiki hapa wala havipatani na vya ukoo mwingine. Kondensa ni mojawapo. Kioo chake kilisagwa kwa kipimo cha mashine yake, na mashine nyingi za aina hizo viwanda vyake vimekwisha acha kuziunda. Mtu anayeitaka kondensa hana budi kuitoa katika mashine nyingine ya aina ile ile. Kwa maneno mengine, uhai wa moja hutoka katika mwili wa nyingine. Ndiyo sababu nimeichagua mashine hii kuwa mfano wetu. Katika vitu vinavyojaa dukani, mwizi wa kipande huiba fedha tu. Katika kitu ambacho hakiundwi tena, huiba kisichorudi.

Sasa chukua mfano huu. Nimeubuni ili tuupime. Lakini ukizitembelea karakana za saa, redio na simu utawakuta ndugu zake wengi.

Fundi mmoja ana karakana yake Thika. Siku moja huja kwake msichana aliyemaliza shule juzi, aliyejifunza upigaji wa picha kwa babu yake. Chama cha wakulima wa kahawa kimemwagiza picha ishirini kubwa, nyeusi na nyeupe, za kutundika ukutani katika sherehe yao, zichapwe kwa mkono kutoka katika negativu alizoziacha babu. Amekwisha pokea arubuni, na arubuni yote ameinunulia karatasi na dawa. Alipokuwa akiisafirisha mashine kwa matatu ilianguka, na kioo kimoja cha kondensa kikapasuka vipande vitatu. Zimebaki siku kumi na nne. Akishindwa, hana fedha za kurudisha arubuni, na jina lake litaharibika kabla halijajulikana.

Katika kona ya karakana hiyo hiyo, chini ya gunia, kuna mashine nyingine ya aina ile ile. Mtu wa Ruiru aliileta miaka mitatu iliyopita ili irekebishwe gurudumu. Ilirekebishwa, lakini mwenyewe hakurudi. Nambari ya simu aliyoiandika haiiti tena.

Usiku, baada ya kufunga mlango, fundi alifunua gunia. Akafungua skrubu nne, akatoa kondensa, akaipangusa vumbi na kuitia katika mashine ya msichana. Akawasha globu. Mwanga ukamwagika juu ya ubao kama maziwa, sawasawa toka pembe hata pembe. Sasa fundi amesimama akiutazama mwanga ule. Hakuna mtu mwingine aliyeuona. Afanye nini?

Tuzisikilize hoja zinazomjia, maana si hoja za mpumbavu. Ya kwanza husema: Kioo hiki kimelala miaka mitatu, kitu kisichotumika ni sawa na kitu kilichokufa. Ya pili husema: Msichana huyu ana haja kubwa, na yule wa Ruiru hana haja. Ya tatu husema: Mwenyewe hatajua, na hata akija, ataiona mashine yake nzima kwa nje. Ya nne husema: Nikipata kondensa nyingine nitairudisha, kwa hiyo sikuiba, nimeazima tu.

Hoja ya kwanza ina sura ya hekima, lakini inachanganya usingizi na mauti. Mbegu iliyo ghalani imelala. Shamba linalopumzishwa limelala. Baiskeli ya mwanafunzi aliyekwenda likizo imelala. Kama kulala kungekuwa kufa, mtu asingethubutu kusafiri. Tena, ni nani aliyempa fundi cheo cha kuhukumu kuwa kitu cha mwenziwe kimekufa? Tabibu hatangazi kifo cha mgonjwa kwa sababu anahitaji kitanda chake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaidharau. Haja hubadilisha mambo. Mtoto akiwa anakufa, na dawa ikiwa nyuma ya mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo hapatikani, uvunje mlango. Lakini ukisha kuuvunja, simama pale pale, na mwenyewe akija umwambie: Ni mimi niliyevunja, na sababu ni hii, nami niko tayari kulipa. Haja kubwa kabisa humruhusu mtu kuvunja mlango. Haimruhusu kuurudishia kimya kimya kana kwamba haukuvunjwa. Na picha ishirini za sherehe, ingawa ni riziki ya msichana, si uhai wa mtoto. Haja yake inampa fundi sababu ya kuuliza kwa bidii, hata kwa kusihi. Lakini kuuliza ni jambo moja na kutwaa ni jambo jingine.

Hoja ya tatu hujifichua yenyewe. Ikiwa hizo mbili za kwanza zilikuwa njema, hii ya kutojulikana ingekuwa ya kazi gani? Mtu anayetenda haki hana haja ya gunia. Ndiyo mizani iliyo rahisi kuliko zote, nawe waweza kuichukua popote uendapo: fikira ikikuambia kwamba jambo ni halali, kisha ikaongeza kwamba halitajulikana, sadiki lile neno la mwisho, kwa kuwa ndilo lililotoka moyoni.

Ama hoja ya nne, ya kuazima, jibu lake ni fupi. Kuazima kunahitaji watu wawili. Mtu mmoja peke yake usiku hawezi kuazima. Anaweza kutwaa tu. Ahadi ni deni, lakini ahadi ambayo haikusikiwa na mtu ye yote haina wa kuidai.

Tena tazama mwisho wa njia hiyo. Siku mwenye mashine atakapokuja kutoka Ruiru, fundi atahitaji kondensa ya tatu ili kufunika tundu la pili. Ataitoa katika mashine ya mtu wa tatu, na tundu litahama, lisizibike. Na madhara hayaishii kwa wenye mashine. Umepata kumwona mtu aliyepeleka simu au redio kutengenezwa, akavuta kigoda, akaketi mbele ya fundi kutwa nzima asitoke hata kula? Wengine hutia alama kwa msumari ndani ya vyombo vyao kabla ya kuviacha. Watu hao si wavivu wala si wagomvi. Wamefundishwa na mafundi waliobadilisha vipande. Hesabu saa wanazopoteza katika miji yetu yote kwa kulinda tu kile walichokwenda kukitengeneza, nawe utaona kwamba kioo kidogo kilichotolewa usiku kina bei kubwa, nayo hulipwa na watu ambao hawakukiona.

Ziko na imani nyingine zilizofichika zaidi ya hiyo. Mashine nyingi za kale zina mwili wa chuma, na baadhi yake zililetwa na waya mbili tu, bila waya wa tatu wa kupeleka umeme ardhini. Mchapaji hufanya kazi gizani, mikono imelowa maji ya dawa. Fundi aweza kuirudisha mashine inayowaka vizuri bila kuongeza waya huo, na mwenye mashine asijue, mpaka siku waya wa ndani utakapochubuka na umeme ukaingia katika chuma. Aweza kutia globu ya wati 150 mahali palipotakiwa ya 75, na joto likaikunja negativu ambayo haina pacha duniani. Mahali pasipofikiwa na jicho la mwenye mali, dhamiri ya fundi ndiyo mlinzi wa pekee.

Hapa pengine utaniambia kwamba naipenda mali kuliko watu. Kwamba nikipewa nafasi nitafungia kila kitu kabatini mpaka kiliwe na kuvu, huku vijana wakikosa vyombo. La, hilo nalo ni kosa. Lenzi iliyofungiwa mahali penye unyevu kwa miaka mingi huota ukungu unaokula uso wa kioo, na mwenye kuificha huwa hakumfaa mtu, hata nafsi yake. Wala sina chuki na kazi ya kuchukua sehemu ya kiumbe kimoja na kukipa kingine. Kazi hiyo ni ya kale na yaweza kuwa njema.

Ushahidi uko karibu, pale Ruiru penyewe. Watafiti wa kahawa wa mahali hapo walitoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ambayo hustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mkulima aliyekuwa na mibuni ya zamani hakulazimika kuing'oa yote. Aliweza kulikata shina kuukuu, akapandikiza kijiti cha Ruiru 11 juu yake, na mizizi ya zamani ikalisha matawi mapya. Kijiti kilikatwa katika mti mmoja kikatiwa katika mti mwingine, kama kondensa ile ile. Lakini kilikatwa mchana, na mwenye mti alijua. Kisu cha mpandikizaji na kisu cha mwizi chaweza kuwa kisu kimoja, kilichonolewa katika jiwe moja. Kinachovitofautisha ni idhini.

Hata sheria imeliona jambo hili. Kenya ina sheria juu ya mali iliyopelekwa kutengenezwa na mwenyewe asirudi kuichukua. Humruhusu fundi aiuze, lakini baada ya muda uliowekwa na baada ya kutoa taarifa. Tazama busara yake: haikumwamuru fundi awe ghala la watu milele, wala haikumruhusu anyofoe gizani. Ilimwonyesha njia ya wazi, yenye kungoja na kutangaza. Na fundi atawezaje kuifuata njia hiyo kama hana kumbukumbu? Mali bila daftari huisha bila habari. Jina, siku, ugonjwa wa chombo, nambari iliyopigwa muhuri katika kioo au chuma: mistari michache hiyo ni sehemu ya ufundi kama ilivyo bisibisi.

Basi turudi kwa fundi wetu, tuliyemwacha amesimama mbele ya mwanga. Alizima globu. Akaitoa kondensa, akairudisha katika mashine ya Ruiru, akaifunika. Asubuhi alifungua daftari akaona kwamba yule mtu alikuwa ametaja mtaa wake. Akapanda matatu. Kutoka Thika mpaka Ruiru ni kama kilomita 20, na barabara pana iliyokamilishwa mwaka 2012 huzifanya fupi. Lakini kwa mtu anayekwenda kuomba jambo ambalo angeweza kulitwaa, safari hiyo ni ndefu.

Baada ya kuulizauliza alielekezwa nyumba. Akabisha hodi, akafunguliwa na mama wa makamo. Alipotaja jina la mwenye mashine, mama alinyamaza kidogo, kisha akamkaribisha ndani.

"Baba watoto alifariki mwaka wa juzi," alisema. "Nilijua iko mashine mahali, lakini sikujua ni kwa nani."

Fundi alimpa pole, akamweleza yote: mashine, gurudumu, msichana, kioo. "Mama, nimekuja kukuomba uniuzie vile vioo viwili. Bei utaitaja wewe."

Mama alifikiri sana. "Fundi, nakushukuru kwa kuja. Lakini watoto wake hawajakaa pamoja kugawana vitu vyake. Mmoja yuko mbali na atakuja Desemba. Nikianza kuuza kipande hiki na kile, nitawajibu nini? Na mimi pia ni mtunzaji tu. Niwie radhi."

Fundi akarudi Thika mikono mitupu.

Msomaji, je, amepata hasara? Amepoteza nauli na nusu siku, na kioo alichokuwa nacho mkononi jana usiku hana tena. Mwenye kuomba kwa haki sharti awe tayari kukataliwa. Ombi lisiloweza kupokea "hapana" ni amri iliyovaa kanzu ya ombi. Na angalia: yule mama alikataa kwa sababu ile ile iliyompeleka fundi kwake. Kila mmoja alikuwa ameshika kitu kisicho chake.

Jioni ile fundi alikaa akifikiri juu ya kazi ya kondensa. Humwaga mwanga sawasawa. Je, hakuna kitu kingine kiwezacho kumwaga mwanga sawasawa? Akakumbuka plastiki nyeupe, yenye rangi ya maziwa, ambayo waandishi wa mabango hutumia mbele ya taa. Akanunua kipande kwa mchora mabango, akakikata, akakiweka chini ya globu mahali pa vioo. Njia hiyo inajulikana tangu zamani: ziko mashine zilizoundwa hivyo tangu kiwandani, zikitawanya mwanga badala ya kuukusanya. Mwanga wake ni hafifu, kwa hiyo karatasi huangaziwa kwa muda mrefu zaidi. Weusi na weupe wa picha hupungua ukali, na mchapaji hana budi kuchagua karatasi au kichujio cha kuurudisha. Lakini ina fadhili moja: mikwaruzo na vumbi la negativu kuukuu havionekani sana.

Msichana alipokuja, fundi hakumwambia kwamba mashine imekuwa kama mwanzo. Alimwambia: "Binti yangu, kioo sikukipata. Nimekutilia plastiki. Utahitaji muda zaidi, na siku za kwanza picha zitakuwa laini kupita ulivyozoea. Jaribu kwa vipande vidogo vya karatasi kabla ya kuchapa kubwa." Akamwandikia hayo katika stakabadhi.

Nimeumaliza mfano wangu hivyo, lakini usiuchukue vibaya. Sikukuambia habari ya plastiki ili udhani kwamba kila atendaye haki hulipwa kabla ya jua kuchwa. Yako matatizo yasiyo na plastiki. Kama isingefaa, msichana angelazimika kwenda kwa wakulima na kusema, "Nimeshindwa, nipeni muda," na hilo lingemwumiza. Hata hivyo jibu la swali letu lingebaki lile lile. Kioo kilikuwa cha Ruiru usiku ule, na mwanga mzuri uliopita ndani yake haukukifanya kiwe cha Thika.

Labda wewe hutakuwa fundi wa mashine za picha. Utakuwa mwuguzi, nawe utashika dawa za wodi; utakuwa karani, nawe utashika faili la mjane; utakuwa mwalimu, utashika karatasi za mtihani wa mtoto asiyekuona unaposahihisha. Hata sasa, ukiwa shuleni, una kitabu cha mwenzio ulichoazima, na pengine siri yake aliyokunong'oneza. Kila mmoja wetu ana karakana, na katika kona yake kuna kitu cha mtu mwingine chini ya gunia. Utakuja usiku ambapo utakihitaji, mlango umefungwa na mwenyewe yuko mbali. Usiku huo kumbuka kwamba barabara ya Ruiru iko wazi, na kwamba matatu ya kwanza huondoka alfajiri.